Boti ya rimoti, injini mbili za nitro: ya kushoto inazima kila nikikata kona. Msaada wakuu

FundiBaridi_Tabata

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, niko Tabata. Mwaka jana nilikuwa namfungulia viyoyozi mteja mmoja wa Masaki, mzungu, anahama nchi. Stoo kwake, juu ya makreti matupu ya soda, nikakuta boti ya faiba ya mita moja na ushee, matumbo mawili kama zile boti za kwenda Unguja. Kufungua kifuniko, injini mbili zimelala sambamba, ndogo kama ngumi ya mtoto, kila moja na eksozi yake, kila moja na propela yake. Nikauliza bei, jamaa akacheka, akasema imemshinda miaka kumi. Nikamkatia elfu themanini kwenye bili ya kazi, tukamalizana. Nyumbani nilisema nimepewa bure.

Injini ni cc 3.5 kila moja, za kupozwa kwa maji. Hazina plagi ya cheche, zina ile ya waya unaoiva mwekundu. Ya kulia ilizunguka kwa kidole. Ya kushoto iliganda kama imepigwa weldingi. Nilipoifungua nikakuta oili imegeuka gundi ya kahawia, harufu kama nywele za bibi yangu. Nikachukua draya ya saluni ya wife, nikaichoma moto dakika kumi, nikashika flaiwili kwa kitambaa, kidogo mbele kidogo nyuma, ikalia "tiii" ikaachia.

Beringi zilikuwa zimeshikwa kutu. Ya mbele ni 607, Kariakoo nimeipata kabla jasho halijakauka. Ya nyuma ni milimita 14 kwa 25.4 kwa 6. Duka la saba muuzaji akaniuliza kama wakati napima nilikuwa nimelewa. Ikabidi niagize nje, wiki sita. Tanki la kushoto lilikuwa na utando ndani, nikaliosha mpaka likang'aa. Propela nikazinoa kwa tupa na msasa usiku sebuleni, zinakata karatasi.

Sasa tatizo. Juu ya stendi kila injini inawaka na kukaa, raha tupu. Majini zikiwa mbili, moja kwa moja inaenda, ila inavuta kushoto kidogo. Nikikata kona ya kulia, sauti ya injini ya kushoto inapanda, inakuwa nyembamba kama nyuki aliyekasirika, halafu kimya. Boti inaanza kuzunguka kushoto peke yake kama kuku aliyechinjwa. Tanki likiwa limejaa haifanyi hivyo, likifika nusu ndiyo inaanza. Nimebadilisha plagi tatu. Nimefungua sindano ya kabureta robo mzunguko, wapi. Sevo, kile kijimota kinachotii rimoti, ni moja, inavuta kabureta zote mbili.

Na nina deni. Kuna dogo wa Mikocheni ana boti ya umeme, mbele za watu nimemwambia nitamwacha. Wiki mbili zimebaki. Mafuta nayo yamebaki nusu galoni, ya nitro (ile kemikali ya kuongeza nguvu) asilimia 15, nilipewa na jamaa anayerusha ndege za rimoti. Yakiisha sijui pa kuyapata.

Kibonge_wa_Segerea

Elfu themanini ulikuwa unapata jogoo wawili, na hawazimi kwenye kona.

Baharia_Mstaafu

Kijana, marahaba. Nimetengeneza injini za boti miaka 31, nyingi zikiwa Enduro za wavuvi, na hivi vidogo nilivijulia Muscat nilipokuwa kibarua kwa tajiri aliyekuwa navyo vinne. Kabla sijasema sana nijibu jambo moja: lile tanki la kushoto uliliosha kwa kitu gani?

Wakati unatafuta jibu, soma haya.

Injini mbili ndani ya boti moja ni wake wenza. Ukimpa huyu, na yule anajua. Kosa la kila mtu ni kuzitegesha pamoja. Tegesha ya kulia peke yake, boti ikiwa majini imefungwa kamba, nyingine imezimwa, mpaka ishike moto wa kati bila kutetereka. Zima. Fanya ya kushoto. Ndipo uwashe zote, na hapo sindano usizisogeze tena zaidi ya upana wa ukucha.

Chomoa plagi zote mbili uziangalie kwenye jua. Waya uking'aa na kukaa kama ulivyotoka dukani, injini inashiba. Ukiwa na kijivu, umekwaruka au umejikunja, injini ina njaa, inakula hewa badala ya mafuta. Nadhani najua ya kushoto ikoje.

Sasa hiyo sauti. Injini ikipandisha sauti kwenye kona kuna mambo mawili tu. Ama propela imetoka majini, ama mafuta yamekatika. Propela ikitoka majini inalia, ikirudi inanyamaza na kazi inaendelea. Yako inalia halafu inakufa. Basi ni mafuta. Na umesema mwenyewe, tanki likijaa haizimi. Umebeba jibu mfukoni unatuuliza sisi.

Angalia pia nyuma ya boti: propela zako zimepinda pande tofauti? Kama zinazungukia nje kila moja kwake, ujue injini ya kushoto si pacha wa ya kulia hata kama sura ni moja. Shafti kuu ya injini hizi ina dirisha la kuvutia mafuta, na dirisha limekatwa kufuata upande wa kuzunguka. Ukichukua shafti ya kulia ukaivalisha kushoto, injini haitakubali kuzunguka unakotaka, utabadilisha plagi mpaka ufilisike. Vivyo hivyo ule waya uliosokotwa unaopeleka nguvu kwenye propela. Umesokotwa ili mzigo ukija ujikaze. Ukiuweka upande usio wake, mzigo unaufumua kama mkeka mbovu. Nimeshawahi kuutoa kwenye bomba lake ukiwa mnene kama kidole. Ule ulikuwa wa tajiri, na aliyeuweka kinyume ni mimi.

Weka alama ya rangi leo hii, nyekundu kushoto, kijani kulia, kama taa za meli. Huwezi kusahau.

DadaMaabara

FundiBaridi, sijui boti, najua kemikali, na umenitisha mara mbili.

Kwanza propela. Zina rangi ya shaba iliyofifia kidogo, za kutoka Marekani? Nyingi za aina hiyo ni shaba iliyochanganywa na beriliamu. Ikiwa nzima haina neno, ishike tu. Vumbi lake ndilo baya, linaharibu mapafu na halitoki. Wewe umelisaga sebuleni, kwenye zulia wanapocheza watoto! Ukitaka kunoa tena, nje, barakoa, na uisugue ndani ya maji ili vumbi lisiruke. Hilo zulia lipige deki kwa kitambaa kibichi, usilikung'ute wala usilifagie.

Pili mafuta. Sehemu kubwa ya hicho ulichonacho ni methanoli. Haina rangi, harufu yake haina tofauti kubwa na spiriti, na mililita kumi zikinywewa zinaweza kumpofusha mtu. Kwa hiyo isikae kwenye chupa ya maji ya kunywa hata dakika moja, naijua Tabata, kila chupa ni ya maji. Ikishika moto mchana moto wenyewe hauonekani, unaona tu hewa inacheza na kitu kinaungua. Kuwa na ndoo ya maji karibu, methanoli inachanganyika na maji vizuri.

Kununua: methanoli inauzwa na wauzaji wa kemikali waliosajiliwa, na wanasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa sheria ya kemikali ya 2003. Nenda ueleze matumizi, usitafute wa vichochoroni. Na usimwagize mjomba akuletee galoni kwenye begi la ndege. Hayo ni mafuta yanayoshika moto haraka, hayaruhusiwi kwenye begi la abiria.

FundiBaridi_Tabata

Dada, zulia limetoka nje. Wife ameuliza kwa nini, nimesema limechakaa.

Mzee Baharia, plagi ya kushoto ni kijivu kabisa, ya kulia inang'aa. Propela kweli zinazungukia nje, zimeandikwa X440. Tanki niliosha kwa petroli. Friji zetu tunaosha mirija kwa vimiminika vikali, nikaona petroli ni kitu laini.

Baharia_Mstaafu

Petroli. Nilijua.

Sikiliza. Ile mipira laini, ile inayonyumbuka, ni silikoni. Silikoni na methanoli ni ndugu, zitakaa pamoja mpaka uchoke. Silikoni na petroli ni maadui. Mpira unakunywa petroli unavimba, unaongezeka unene na urefu, unalegea pale ulipovalishwa kwenye kijibomba cha shaba. Petroli ikishakauka mpira unarudi, lakini haurudi ulivyokuwa. Ni kama fulana ya mitumba iliyooshwa na maji ya moto.

Fungua tanki la kushoto. Ndani kuna mpira mfupi wenye kipande cha shaba mwishoni. Mimi nakiita nanga. Kazi yake ni kuyafuata mafuta: boti ikikata kulia, mafuta yanamwagikia ukuta wa kushoto, nanga inayafuata huko. Yako nina hakika imejikunja, imebanwa upande wa kulia au imetazama mbele. Tanki likijaa haijali, mafuta yapo kila mahali. Likifika nusu, unakata kona, mafuta yamehamia kushoto, nanga iko kulia inavuta hewa. Injini inapandisha roho, inakauka, inakufa. Kwa injini isiyo na oili nyingine isipokuwa ile iliyo ndani ya mafuta, huko kufa mara tatu nne kunatosha kukwangua silinda.

Hapo ndipo watu wa Enduro wanaponishangaa. Enduro tunaweka lita moja ya oili kwa lita 50 za petroli. Hizi ndogo zinakwenda zaidi ya mizunguko 20,000 kwa dakika, na ukijichanganyia mwenyewe bila nitro, katika lita tano, lita moja nzima ni oili na nne methanoli. Ulaya kuna mashindano ya ndege za kamba ambako mchanganyiko ni huohuo kwa lazima, 80 kwa 20, na zinaruka kama risasi. Kwa hiyo nitro isikunyime usingizi. Bila nitro itasumbua kidogo kutulia kwenye silensa, yaani mzunguko wa chini, utatumia plagi ya moto zaidi, basi.

Oili yenyewe ni ya nyonyo. Ndiyo, ileile ya bibi yako, pua yako haikukosea. Ila usiende kununua ya nywele. Zile za chupa ndogo zina manukato, nyingine zimechanganywa na mafuta ya nazi. Tafuta iliyo safi tupu, iliyochujwa. Na ndiyo hiyo iliyogandisha injini yako: nyonyo ikiachwa kwenye chuma chenye moto inaiva inakuwa vanishi. Kila ukimaliza, choma mafuta yote yaishe, weka matone manne ya oili nyepesi kwenye kabureta na kwenye tundu la plagi, zungusha. Usipofanya hivyo unyevu wa methanoli utazila tena zile beringi zako za wiki sita.

Mpira mpya muombe yule jamaa wa ndege. Usiniletee ule wa matangi ya samaki, ule ni plastiki, wiki mbili unakuwa mgumu kama tambi mbichi, nanga inasimama dede.

Kuhusu X440: 40 ni kipenyo kwa milimita, na kila mzunguko inajiskrubu mara 1.4 ya hapo, yaani milimita 56. Zidisha kwa 20,000, unapata mita 1,120 kwa dakika, kilomita 67 kwa saa. Hiyo ni karatasini, kama maji yangekuwa mbao. Toa unachotaka, bado ni mwendo wa daladala isiyo na trafiki mbele. Kwa hiyo usijaribie penye watu wanaoogelea.

FundiBaridi_Tabata

Mzee, nimefungua. Nanga ilikuwa imegeuka inatazama mbele kabisa, na mpira ulichomoka kwenye shaba kwa kuuvuta na vidole viwili tu. Nimenyamaza dakika nzima.

Nimeweka mpya, nimefunga na waya mwembamba wa shaba. Jumamosi tunaenda Msasani. Ushauri wa bahari?

Baharia_Mstaafu

Angalia mwezi, nenda siku za maji mafu. Bamvua litakuachia tope na majani marefu, na jani moja likiziba tundu la kuvutia maji ya kupozea injini imekwisha. Uwe majini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla kusi haijaamka. Saa tatu tayari kuna viwimbi, na boti ya matumbo mawili ikiingiwa na upepo chini inapinduka kama chapati.

Panga chupa tupu za maji za nusu lita, vifuniko vimekazwa, ndani ya matumbo. Sita zinakubeba kilo tatu. Haitaelea yote, lakini pua itabaki juu uione. Chukua mshipi wa kuvulia, mwisho funga mpira wa tenisi, ndoano hapana. Ikizima mbali unarusha mpira ng'ambo yake, unavuta polepole. La sivyo utamlipa mwenye mtumbwi, na akiona boti ya namna hiyo bei inapanda.

Wenzetu Marekani, kwenye mashindano ya NAMBA na IMPBA, vyama vya boti ndogo kama hizi, wanazunguka maboya kwa mkono wa kulia siku zote, na vyombo vyao vimeundwa kukata upande huo. Angalia kama yako ina kisu cha bati chini, upande wa kulia. Kama kipo, kubaliana na dogo mzunguke kulia. Usimwambie sababu.

Sisi tukiwa wadogo tulishindanisha vingalawa vya kuchonga, tanga la mfuko wa nailoni, na ukishindwa unarudi kwenu. Hakuna aliyeenda kwa Mkemia Mkuu.

Ukirudi, lita tano za maji baridi ndani na nje, na bomba la sindano upitishe maji kwenye koti la injini mpaka chumvi itoke.

FundiBaridi_Tabata

Wakuu mrejesho.

Maboya yalikuwa madumu mawili ya njano ya mafuta ya kula, tumeyafunga matofali. Mizunguko sita, mkono wa kulia. Dogo hakuuliza.

Kuwasha tu ni sinema. Nina mota ya kuwashia na mkanda wa cherehani kwenye flaiwili, kulia ikashika mara ya kwanza, kushoto mara ya nne, wavuvi wameacha nyavu wanatazama. Moshi, harufu ya saluni ufuoni. Dogo yeye kabonyeza kitufe, yuko tayari, anakula muhogo.

Mwanzo aliniacha mbali, umeme hausubiri. Raundi mbili nzima namwona mgongo. Raundi ya tatu zangu zikapata joto, zote mbili zikaimba sauti moja. Siwezi kuieleza, mlio wa injini mbili unakuwa kama wimbi, wuu-wuu-wuu, halafu ghafla unanyooka unakuwa mmoja. Nywele zilinisimama. Boti ikanyanyuka, ikabaki inagusa maji kwa visigino. Kona ya kulia, kushoto ikashika. Kona nyingine, ikashika. Raundi ya tano betri ya dogo ikaanza kulegea, nikampita mbele ya wavuvi, mmoja akapiga kelele "Azam hiyo!"

Raundi ya sita, mita kama ishirini kabla ya dumu la mwisho, sauti ikapanda. Nyembamba. Nyuki. Halafu injini moja tu. Safari hii ikaanza kuzunguka kulia, dogo akapita zake taratibu anamalizia muhogo.

Mzee, ya kushoto haikuzima hata mara moja. Sasa ni ya kulia. Tanki lilikuwa limeshuka chini ya nusu.

Baharia_Mstaafu

Na la kulia hukuliosha, sivyo?

FundiBaridi_Tabata

Kidogo tu, mzee. Petroli ilikuwa imebaki kwenye kopo, nikaona nisuuze.